Siku Tulipofuata Udongo Wetu Hadi Baharini

Mara ya kwanza nilipomwona yule binti, nilidhani anaiba kitu, ila sikujua ni kitu gani. Mvua ya Novemba ilikuwa imetoka kupiga, mvua yetu ya Kangundo ya alasiri isiyobisha hodi, nami nilikuwa nimeteremka na gunia kichwani kwenda kuona kama ng'ombe wangu bado yuko pale nilipomfunga, karibu na kijito. Ng'ombe alikuwepo. Na hatua chache kutoka kwake, katikati ya maji yaliyomfika magotini, alisimama mwanamke kijana mwenye hijabu ya kijani na buti za mpira, ameinama, anachota maji mekundu kwa chupa. Alijaza moja, akaifunga, akaandika kitu ubavuni kwa kalamu nene, akaiweka kwenye kreti, akachukua nyingine.

Nikamwita kwa sauti. "Wewe! Unachota matope yetu ya nini?"

Akainua uso, akatabasamu kama aliyekuwa akinisubiri. "Shikamoo, mama. Nayapeleka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Malindi."

Nilicheka kwa sababu sikujua la kusema. "Kwani huko Malindi hakuna matope?"

"Yapo, mama. Tena ni mengi mno. Ndiyo maana nimekuja kuangalia yanatoka wapi."

Alikuwa amelowa hadi mabegani na midomo inamtetemeka. Wageni wa namna hiyo huwaachi kijitoni. Nilimpandisha nyumbani, nikamkalisha karibu na moto jikoni, mahali ambapo mama mkwe wangu alikuwa amekaa akipukuchua mbaazi.

Mama mkwe wakati huo alikuwa na miaka themanini na minne. Sisi wote tunamwita Mwaitu, yaani mama, hata watu wasio wa ukoo. Ni mtu mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, na hajawahi kuficha anachofikiri. Mgeni alimwinamia akasema, "Shikamoo, bibi."

"Mzuri," akajibu Mwaitu, kwa maana huku kwetu shikamoo tunaisikia redioni tu.

Binti akatueleza, huku ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alikuwa mtafiti wa mambo ya bahari. Kazi yake ilikuwa matumbawe, ile miamba iliyo hai chini ya maji ambako samaki huzaliana na kujificha. Miamba ya kwao ilikuwa inaugua kwa mambo mengi, na mojawapo ni udongo. Kila msimu wa mvua, mto Sabaki unamwaga baharini matope yasiyo na mwisho, yanatanda juu ya matumbawe kama blanketi. Basi yeye alikuwa ameufuata mto nyuma, kutoka mdomoni kurudi juu, kwa pikipiki na kwa miguu, akichota maji kila kijito kinapoingia. Sabaki akipanda juu kidogo anaitwa Galana. Galana akipanda juu zaidi anaitwa Athi. Na Athi, akasema akionyesha mlango kwa kidole, hunywa maji ya kijito chenu.

Athi kwangu ulikuwa mji wa viwanda kule Mavoko, ambako mume wangu hufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na kurudi nyumbani Jumamosi. Mto wenyewe nilikuwa nimeuvuka mara nyingi darajani. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza maji yale yanaenda wapi.

"Kwa hivyo unasema hii mchanga yetu iko baharini," Mwaitu akasema.

"Sehemu yake, bibi. Inatoka mahali pengi, siwezi kuwabebesha ninyi peke yenu. Lakini shamba lililo juu ya hapo nilipokuwa nachota lina korongo kubwa sana. Sijui ni la nani."

Mwaitu akaacha mbaazi. "Ni la huyu," akasema, akaninyooshea kidole. "Yeye na kijana wangu. Walibomoa matuta yangu. Muulize."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini alichosema kilikuwa kweli. Matuta yale aliyachimba yeye akiwa bibi harusi, pamoja na wanawake wa mwethya, kundi la kusaidiana kazi ambalo hapa Ukambani liko tangu zamani. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Walichimba mitaro mlima mzima, wakirusha udongo upande wa juu mpaka ukawa ngazi, na juu ya ngazi hizo kahawa ikasimama miaka na miaka. Halafu kahawa ikatuvunja moyo. Mimi na mume wangu tuling'oa miti ya upande wa chini, na kwa sababu mwenye trekta alisema hawezi kugeuza kati ya matuta, tukayasawazisha. Mwaka wa kwanza tulivuna mahindi mpaka tukajisifu kanisani. Mwaka wa tatu mvua ilipasua shamba katikati, na mpasuko ule ukawa korongo la kuweza kumeza ng'ombe. Mwaitu hakunisemesha msimu mzima. Alinipokea chakula, akala, akageuka.

Yule binti hakunilaumu. Aliomba simu yangu, akaingiza namba yake, kisha akatuonyesha picha kwenye simu yake. Picha moja ilikuwa ya bustani ambayo sikuamini iko duniani. Nyingine ilikuwa ya mahali palepale baada ya mto kufurika: kijivu, tambarare, kama ukuta uliopakwa tope na mtu mwenye hasira. Mwaitu aliikodolea macho ile ya pili, akauliza, "Na samaki?"

"Waliondoka, bibi. Hawana pa kukaa."

Wiki chache baada ya hapo simu ilipigwa. Mradi ambao binti alikuwa akifanyia kazi ulitaka wakulima wa juu ya mto waende wakaone wenyewe. Kulikuwa na nafasi kumi na mbili. Mimi ni katibu wa mwethya yetu, basi nikaitisha kikao Jumapili baada ya misa, uwanjani. Nilitarajia wasiwasi. Badala yake walipiga vigelegele kabla sijamaliza sentensi, na ugomvi ukawa nani aachwe. Mwaitu akasimama katikati yao na kusema yeye tayari amehesabiwa.

"Mwaitu, ni mbali," nikamwambia. "Na huko ni joto. Na wewe ni mzee."

"Kwani bahari inaangalia kitambulisho?"

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Tulipanda treni ya Mombasa Januari, kule Syokimau. Wanawake kumi na wawili tumevaa leso za aina moja, tumebeba viazi vitamu vya kuchemsha na chupa za chai, na vijana wenye vipokea sauti masikioni wakitutazama. Mmoja akatusalimu, "Niaje, wamama! Mnaenda harusi?" Mwaitu akamjibu kwamba tunaenda kutafuta udongo wetu. Kijana alicheka mpaka treni ikaondoka. Sikulala hata lepe safari ile, ingawa ilikuwa mchana na wenzangu wote walikuwa wamelala vinywa wazi. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nimegandisha uso dirishani kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

Binti alitupokea Mombasa na basi dogo. Kesho yake asubuhi, kabla ya kutupeleka baharini, alitupitisha kwanza daraja la Sabaki, upande wa kaskazini wa Malindi. Tukateremka, tukasogea mpaka ukingoni.

Mto ulikuwa mpana, mzito, rangi ya chai iliyokolea maziwa na kuingia udongo. Uliteremka polepole, bila kelele. Mwaitu aliomba ashikwe mkono, akashuka mpaka majini, akachota tope kwenye kiganja. Akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa. Sisi wote tukasubiri kama tunaosubiri daktari aseme.

"Iko na yetu ndani," akasema. "Si yote. Lakini iko."

Sijui kama mtu anaweza kujua hivyo kwa kusugua. Binti hakubisha. Alituonyesha tu kwa mkono jinsi maji yale yanavyoingia baharini, na jinsi upepo wa miezi ile unavyoyasukuma kuelekea kusini, kwenye miamba. Mstari ulionekana kwa macho. Upande huu bahari ilikuwa ya kahawia, upande ule ya buluu, na mpaka kati yao ulikuwa kama ua wa miti uliopandwa.

Boti tuliyopanda ilikuwa na kioo sakafuni, na nahodha wake alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya ukili na meno machache. Wenzetu wawili walianza kusali kabla injini haijawashwa. Nahodha aliwaambia wasali wanavyotaka ila wasisimame.

Kwanza alitupeleka kwenye mwamba wa karibu, ulio upande wa mto. Tulitazama kioo na hatukuona kitu ila ukungu. Ukungu ulipotulia, tukaona vichuguu vya kijivu vimefunikwa na tope na majani ya manyoya manyoya. Samaki mmoja mdogo alipita, akaondoka haraka kama aliyekosea nyumba. Nilijua wenzangu wanafikiri nini, na nilijua wanalifikiria shamba la nani.

Kisha nahodha akageuza boti kuelekea kusini. Maji yakaanza kubadilika, kutoka rangi ya chai kuwa ya majani, kutoka ya majani kuwa buluu, na ghafla mama mmoja mbele yangu akapiga ukelele.

Chini ya miguu yetu kulikuwa na mji. Sina neno jingine. Kulikuwa na vitu kama pembe za swala, za rangi ya zambarau. Kulikuwa na vitu kama kabeji zilizofunguka, na vingine kama majani ya nduma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na vingine mviringo vyenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Samaki wa manjano walipita kwa makundi, wakageuka wote kwa pamoja kana kwamba kuna aliyepuliza kipenga. Wanawake kumi na wawili tulipiga kelele kwa Kikamba, wote mara moja, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kitu ambacho mwenzake alikuwa anakiona.

"Ni mimea gani hii?" nikauliza.

"Si mimea, mama," binti akasema. "Ni wanyama."

"Wanyama!"

"Wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wamejenga nyumba ya mawe wakaishi ndani yake pamoja. Na ndani ya miili yao kuna vijimea vya kijani vinavyowapikia chakula kwa mwanga wa jua. Tope likiwafunika, jua halifiki. Wanakufa kwa njaa."

Hapo ndipo niliposhika jambo lile kwa akili zangu zote. Mimi ni mkulima. Mtu akiniambia kiumbe kinakufa kwa kukosa jua, sihitaji kuelezwa mara mbili.

Nahodha akazima injini na kufunga boti kwenye boya. Alisema zamani kila mtu alitupa nanga alipotaka, na nanga moja ilikuwa inavunja kwa dakika moja kilichokua miaka mingi, ndiyo maana wakatia maboya. Kisha akatuambia jambo ambalo nadhani hakupanga kulisema. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa juya, ule wavu mkubwa wa kukokota.

"Tulikokota kila kitu," akasema. "Wakubwa, wadogo, mayai, mawe. Nilikuwa nasikia kabisa matumbawe yanavyokatika, kah, kah, kwenye kamba mkononi. Nikawa nasema, kesho nitaacha. Samaki ndio walioacha kwanza. Sasa nafanya kazi na huyu binti, tunapanda upya." Akaonyesha mahali chini ya maji, meza za chuma zilizofungiwa vipande vya matumbawe, kama kitalu cha miche.

"Na mimi nilibomoa matuta," nikamwambia. Sijui lilitoka wapi. Tulitazamana, watu wawili wasiojuana, akacheka kwa pengo lake, na mimi nikacheka.

"Na hapa chini ya mwamba," akaendelea, amepata moyo, "kuna kamba wengi, mkichungulia mtawaona."

Mwaitu akageuka upesi. "Wakamba? Wamefuata nini huko chini?"

Boti nzima ilitikisika kwa kicheko. Ilibidi nahodha aeleze kwa mikono, masharubu na miguu mingi, kwamba kamba wa kwao ni mdudu wa kuliwa. Mwaitu hakufurahishwa na maelezo hayo.

Binti alikuwa ameleta jaketi za uokozi, miwani ya mbizi na mirija ya kupumulia. Aliuliza nani anataka kuingia majini. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Kijito chetu kikijaa huogelei, unakimbia. Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nilishuka ngazi huku nimemshika binti shingoni kama mtu anayezama tayari. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Akaniambia, "Weka uso tu, mama. Pumua kwa mdomo. Mimi nimekushika."

Niliweka uso.

Kelele zote zikakatika. Nilisikia mlio mdogo kama mafuta yanayotatarika kwa mbali, na binti aliniambia baadaye kwamba ndiyo sauti ya mwamba wenye afya, viumbe wake wanalalia na kuamkia kelele hiyo. Samaki mwenye midomo kama kasuku alikuwa anauma jiwe, nikamsikia akiliuma! Nilitaka kumwambia mtu. Nilipiga kelele ndani ya maji, nikanywa chumvi, nikainuka nikikohoa na kucheka, nikasema, "Tena! Nirudishe tena!" Nilirudi mara sita. Mwishoni binti ndiye aliyechoka.

Mwaitu walimkatalia kuingia majini, na alikasirika. Basi nahodha akampa ndoo iliyotobolewa chini na kutiwa kioo, ile wanayotumia kukagua kitalu chao. Alilala kifudifudi ukingoni mwa boti, mama wawili wamemshika miguu, akaishindilia ndoo majini na kutia kichwa ndani. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Mwaitu? Uko sawa?"

Sauti ikatoka ndani ya ndoo, nzito kama ya padri. "Hawa wamejenga matuta. Moja juu ya ingine. Wamelima vizuri kuliko wewe."

Tuliporudi Kangundo hatukupumzika. Jumanne iliyofuata, mwethya yote ilikuwa shambani kwangu, hata wale ambao hawakwenda. Kumi na wawili tulikuwa tumewasimulia kiasi kwamba wengine walianza kusema "matumbawe yetu". Tulianzia kwangu kwa sababu kwangu ndiko kulikoharibika zaidi, na kwa sababu mimi mwenyewe niliomba. Mwaitu aliketi kwenye kiti cha plastiki juu ya mteremko, mwavuli mkononi, akituongoza. Tulipima usawa kwa uzi, vijiti viwili na pima maji ndogo niliyoletewa na mume wangu. Aliyeshika kijiti vibaya aliitwa jina lake, na la baba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Tulichimba mitaro, tukarusha udongo juu, tukapanda nyasi za ng'ombe kwenye kingo. Korongo tulilizuia kwa mawe na magunia, hatua kwa hatua. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Sikumbuki miezi mingine niliyofurahi namna ile.

Jirani mmoja tu alikataa. Alikuwa mwalimu mstaafu, shamba lake liko juu ya letu, na maji yake yote huteremka kwetu. Nilimwendea mara tatu.

"Matuta yanakula ardhi," akaniambia. "Na hao samaki, mimi siwajui, na wao hawanijui."

Basi tukamaliza bila yeye. Mwishoni mwa Machi, saa tisa alasiri, mbingu ikawa nyeusi na mvua ya kwanza ikaanguka yote kwa pamoja.

Nilikimbilia shambani na jembe. Wenzangu walikuwa wanakuja kutoka kila upande, bila kuitwa, wengine na aproni za jikoni. Mitaro ya juu ilijaa na kushika. Tulishangilia. Kisha maji ya mwalimu yakaja, mekundu, yameshikana, yakagonga tuta la tatu mahali pamoja, na ukingo ukaanza kumeguka mbele ya macho yetu.

"Magunia!" nikapiga kelele. Magunia yalikuwa mbali. Tuta la tatu likienda, la nne lingeenda, na la tano, mpaka kijitoni. Sikufikiri. Niliketi kwenye lile pengo, mgongo kwa maji, miguu nimeibana kwenye kingo zilizobaki. Maji yalinipiga mgongoni kama watu wanaosukuma mlango. Wenzangu wakaanza kujaza magunia na kuyarundika pande zangu zote mbili, na juu kabisa niliona mwavuli wa Mwaitu ukirukaruka na kusikia sauti yake: "Usitoke hapo! Ukitoka nitakuja kukaa mimi!"

Waliponivuta, magunia yalikuwa yamefunga. Tuta lilishika. Tulisimama mvuani tumekumbatiana, wekundu kutoka nywele mpaka kucha, tunacheka kama walevi.

Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni, suruali imekunjwa magotini. Alikuwa anatazama ndani ya mtaro wetu. Akachutama, akachota tope, na kwenye tope kulikuwa na punje za mahindi za waridi, zile zenye dawa.

"Hii ni mbegu yangu," akasema polepole. "Nilipanda juzi."

"Ndiyo, mwalimu," nikamjibu. "Ilikuwa njiani kwenda Malindi."

Bega lake likaanza kutikisika, na nikaona ni kicheko. Ijumaa alikuja na jembe lake na wanawe wawili wakubwa, akamuuliza Mwaitu uzi unawekwa wapi.

Binti alikuwa ametufundisha kupima. Kila mvua ikipiga tulichota maji ya kijito kwenye chupa, tukaiacha itulie, tukaangalia tope limekaa vidole vingapi chini. Mwezi ule wa Machi lilikaa vidole vinne. Mvua za Novemba zilizofuata, mwalimu naye akiwa amemaliza matuta yake, tope lilikuwa kidole kimoja na kidogo. Niliipiga picha chupa ile, nikamtumia. Akanipigia papo hapo, anapiga kelele kwenye simu, na mimi napiga kelele upande huu.

Lakini aliniambia ukweli pia, na nampenda kwa hilo. Mto ni mkubwa na sisi ni kijito kimoja. Tena kati ya misimu hiyo miwili bahari ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yalikuwa yamepauka, yamevifukuza vile vijimea vyao na kubaki meupe kama mifupa. Alinitumia picha zake. Nilimuuliza sasa sisi tunachimba ya nini, ikiwa joto lenyewe hatuwezi kulizima kwa jembe.

"Mama," akasema, "mgonjwa mwenye homa akifunikwa na blanketi la tope, hana nafasi. Akiachwa apumue, anayo. Ninyi mnamwondolea blanketi."

Baadhi yalikufa. Baadhi, kule kwenye maji safi ya kusini, yalirudisha rangi. Na baadhi ya vipande ambavyo nahodha alikuwa amevipanda viliota, vikashika jiwe. Alinitumia picha, kidole chake kikubwa kimefunika nusu yake.

Mwaka huu walikuja wanawake kutoka Ekalakala, kule karibu na Masinga, wamesikia habari sokoni. Walitembea juu ya matuta yetu wakihesabu, wakauliza kama tunaweza kwenda kuwafundisha. Mwalimu mstaafu akasema maji ya upande wa kwao huingia Tana wala si Athi. Tukampigia binti kumuuliza Tana inaishia wapi.

"Baharini," akasema, na nikasikia anatafuta kalamu. "Mnaenda lini?"

Tulienda Alhamisi iliyopita, kwenye gari la kanisa, majembe yamefungwa juu ya paa. Walikuwa wanatusubiri kituoni, wengi kuliko tulivyotarajia, na mteremko nyuma yao ulikuwa wazi na mwekundu. Mwaitu alishuka wa kwanza. Akawaangalia, akaangalia mlima, akauliza kwa sauti kubwa ni nani kati yao amebomoa matuta, ajitokeze mapema tuanzie kwake. Mwanamke mmoja wa rika langu akainua mkono, ameinamisha uso kwa aibu. Nilienda nikasimama kando yake, nikamshika mkono ule ulioinuka, na tukaanza kupanda mlima pamoja.